Kompyuta Namba Kumi na Tatu

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumatatu, alama ya waifai haikuwepo kwenye kioo cha kompyuta namba kumi na tatu.

Rogathe aliligundua hilo akiwa kwenye kazi yake ya kila siku. Alikuwa mtunza ufunguo wa chumba cha kompyuta katika shule moja ya sekondari pembezoni mwa mji wa Same. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, hufungua madirisha, hupangusa vumbi lililoletwa na upepo, huwasha kompyuta mpakato moja baada ya nyingine, kisha huandika kwenye daftari la chumba ipi ni nzima na ipi ina tatizo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, yuko kidato cha kwanza, na tangu apewe ufunguo ule hapakuwa na mstari wa daftari aliouacha wazi.

Kompyuta kumi na mbili zilikuwa kuukuu, herufi za kibodi zao zimefutika. Ya kumi na tatu ilikuwa mpya, toleo la mwaka huo, zawadi ya watu waliosoma shuleni hapo zamani. Rogathe aliweka kidole kwenye kibao cha kugusa ili asogeze mshale. Mshale haukusogea. Akajaribu sauti, kimya. Mambo matatu yamegoma katika kompyuta ambayo haijamaliza wiki shuleni.

Alhamisi, yote matatu yalikuwa yakifanya kazi. Siku hiyo Mwalimu Clemence, mwalimu wa kompyuta, aliiwasha mbele ya wanafunzi thelathini na mmoja, ikiwa bado na mfumo iliyotoka nao kiwandani. Ilishika waifai ya ofisi papo hapo, wakaona picha ya kilele cha Shengena kikiwa na ukungu. Ijumaa asubuhi Mwalimu akaenda semina Moshi, kurudi Jumatano. Aliacha kazi moja: mfumo wa kiwandani uondolewe, isakinishwe Linux, mfumo unaopatikana bure ambao kompyuta zote za shule huutumia. Wa kuisakinisha awe Resian, kwa sababu hakuna mwanafunzi aliyemzidi kwa kazi hiyo.

Linux hiyo ilihifadhiwa kwenye flashi nyekundu iliyoning'inia msumarini nyuma ya mlango. Wanafunzi waliiita Mama, maana kompyuta zote kumi na mbili zilitoka kwake na hakuna hata moja iliyogoma. Kwenye droo kulikuwa na flashi nyingine, nyeupe, ndani ya bahasha, ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu. Ijumaa mchana Rogathe alinyoosha mkono msumarini kama kawaida, akampa Resian, akaandika: "Namba 13. Resian. Flashi imetoka saa nane na dakika arobaini." Kisha akaenda kucheza netiboli. Aliporudi saa kumi na dakika ishirini na tano, kompyuta ilikuwa imefunikwa na Resian ameshaondoka.

Kwa muda wa karibu saa mbili, msichana yule alikuwa peke yake na kompyuta mpya. Rogathe alilitazama daftari muda mrefu.

Mchana alikaa na Kaleb, mwenzake wa dawati, kwenye kivuli cha jengo la maabara.

"Kaleb, Ijumaa ulimwona Resian?"

"Alikuja kuazima bisibisi yangu ndogo."

"Ya nini?"

"Alisema ya kukaza miwani yake."

"Alisema," Rogathe alirudia.

"Jumamosi pia nilimwona, stendi, kwenye meza ya kaka yake, Ledama. Yule fundi simu."

"Alikuwa amebeba nini?"

"Rogathe, mimi nilitumwa dawa ya mswaki. Sikutumwa upelelezi." Kaleb alicheka. "Wapare sisi bwana. Tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku."

"Hii siyo ya kuku. Ndani ya laptopu kuna kadi ndogo ya waifai, unafungua skrubu moja unaitoa. Fundi simu anajua pa kuiuza."

Kaleb hakucheka tena. "Wewe una uhakika?"

"Nina tarehe na saa."

Akafungua daftari lake mwenyewe, akaandika mambo matano na kuyapa namba. Moja, Alhamisi waifai ilifanya kazi, mashahidi thelathini na mmoja. Mbili, Ijumaa Resian alikuwa peke yake na kompyuta. Tatu, aliazima bisibisi. Nne, Jumamosi alionekana kwenye meza ya fundi. Tano, Jumatatu waifai haipo. Aliyasoma tena, hakuona kosa. Kila jambo lilikuwa la kweli.

Saa tisa alasiri alikuwa mbele ya meza ya Mwalimu Ernesta, mwalimu wa nidhamu. Huyu hakuwa mtu wa kelele. Alisoma ile orodha mara mbili, akaagiza Resian aitwe.

Resian aliingia akisukuma miwani yake juu. Alikuwa msichana mrefu wa Kimaasai kutoka tambarare za Ruvu, akilala bweni moja na Rogathe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ijumaa uliifungua kompyuta mpya kwa bisibisi?"

"Hapana, mwalimu."

"Bisibisi ilikuwa ya nini?"

"Miwani. Mguu ulikuwa umelegea."

"Ulipomaliza kusakinisha, waifai ilikuwepo?"

Resian alisita. "Sikuiona, mwalimu. Kibao cha kugusa pia hakikukubali. Nilidhani inahitaji kuzimwa na kuwashwa, nikasema nitamsubiri Mwalimu Clemence."

"Kwa nini hukuripoti?"

"Niliogopa wataniambia nimeharibu."

Mwalimu Ernesta aliandika kitu kwenye karatasi. "Jumatano saa nne utachukua barua, uende nyumbani, urudi na mzazi. Mpaka hapo hutaingia chumba cha kompyuta."

Uso wa Resian haukubadilika, ila sauti ilishuka. "Mwalimu, baba amehama na ng'ombe, simu haishiki huko. Kumpata ni siku mbili, tatu. Na alishasema: siku atakayoitwa shuleni kwa habari ya wizi, ndiyo siku yangu ya mwisho darasani."

"Sijasema wizi."

"Yeye atasema, mwalimu."

Rogathe alisikia yote, akiwa amesimama kando ya kabati. Aliyaweka moyoni, lakini hakuyaandika, kwa kuwa aliona si ushahidi.

Habari ilifika bwenini kabla yao. Jioni ile, kufuli za matranka zilisikika zikibanwa kitanda hadi kitanda. Msichana mmoja alihesabu sabuni zake kwa sauti. Resian alipokwenda kuanua nguo zake, wawili waliokuwa kwenye kamba walianua za kwao pia, ingawa zilikuwa bado mbichi. Rogathe mwenyewe alirudi chumba cha kompyuta kuhesabu vipanya, akavikuta kumi na vitatu, akavihesabu tena. Dalili ya mvua ni mawingu, alijiambia.

Jumanne asubuhi walikutana bombani, kila mmoja na ndoo yake. Maji yalitoka kidogokidogo, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuondoka haraka.

"Nimesikia una orodha," Resian alisema.

"Ninayo."

"Uliniona nikifungua skrubu?"

"Sikukuona."

"Umeandika hilo?"

Rogathe aliinama kutazama ndoo yake.

"Andika. Namba sita: sikumwona." Resian aliisogeza ndoo yake kwa mguu. "Halafu niambie. Waifai nimeiiba, sawa. Sauti nayo nimeiiba? Na kile kibao cha kugusa, mbona kipo palepale na unakishika? Kimekufa nacho, na nimekiacha. Mwizi gani huyo?"

"Labda uligusa waya."

"Labda," Resian alisema. "Jana ulikuwa na tarehe na saa. Leo una labda."

Akabeba ndoo iliyofika nusu, akaenda zake.

Maneno yale hayakumtoka Rogathe akilini. Si kwa sababu Resian alikuwa na uchungu. Uchungu hauthibitishi kitu. Ilikuwa ni kwa sababu hoja yenyewe ilikuwa sahihi: mambo matatu yaligoma kwa pamoja, na moja kati ya hayo halikuwa limeondoka mahali pake. Orodha ya mambo matano haikueleza hata kidogo kibao cha kugusa.

Saa kumi alasiri alijifungia chumbani na kompyuta namba kumi na tatu. Mwalimu Clemence alikuwa amewafundisha amri fupi ya kuiuliza kompyuta: ndani yako kuna vifaa gani? Rogathe aliandika lspci, akabonyeza kitufe. Mistari ikashuka. Aliisoma mmoja mmoja, kidole kwenye kioo, mpaka alipofika kwenye mstari wa kifaa cha mtandao usio na waya.

Kilikuwepo.

Jina la kiwanda lilitajwa, lakini mahali pa jina la kifaa palikuwa na namba tupu. Kompyuta ilijua kuna kitu pale. Haikujua ni kitu gani. Aliandika amri ileile kwenye kompyuta namba nne, ya zamani. Huko kadi ya waifai ilitajwa kwa jina lake kamili. Akarudi kwenye ile mpya, akarudia mara tatu. Mara zote kadi iliitika.

Kadi iliyouzwa stendi haiwezi kuitika kutoka ndani ya kompyuta ya shule. Basi Resian hakuiba kitu. Rogathe aliandika hilo kwenye daftari lake kwa mkono uleule ulioandika yale matano.

Lakini kwa nini basi? Aliandika amri ya pili, ile ya kuuliza kiini. Kiini ndicho sehemu ya Linux inayozungumza na vifaa vya kompyuta, Mwalimu aliwaambia. Kila toleo lake jipya huja na maelekezo ya vifaa vipya vilivyotoka viwandani. Kioo kikajibu: 5.4. Alifungua madaftari ya somo. Kwa mwandiko wake mwenyewe alikuta ameandika: "Kiini 5.4 ni cha mwishoni mwa mwaka 2019. Kiini cha zamani hakivijui vifaa vilivyotengenezwa baada yake."

Kompyuta ilikuwa ya mwaka huu. Mama alikuwa wa miaka mingi nyuma.

Rogathe aliirudia akilini Ijumaa asubuhi, kwenye kituo cha basi. Alikuwa amembebea Mwalimu Clemence begi. Mwalimu, mguu mmoja tayari ndani ya basi, aligeuka akasema: "Ile mpya mpe Resian flashi nyeupe, ya kwenye droo." Yeye akaitikia. Mchana ulipofika akaiacha droo, akaenda msumarini. Hakuwa amesahau. Aliamua. Nyumbani kwao Mbaga, bibi yake huning'iniza mahindi ya mbegu juu ya moshi wa jiko, na husema hapandi mbegu ambayo hajaiona ikizaa shambani kwake. Mama alizaa mara kumi na mbili. Ile nyeupe nani aliiona ikizaa? Na kwenye daftari la chumba aliandika "flashi" tu, bila rangi.

Alivuta droo. Bahasha ilikuwa bado imegundishwa. Juu yake Mwalimu alikuwa ameandika: "Kiini 6.8. Kwa namba 13."

Hapo wazo lilimjia, na lilikuwa jepesi sana. Angeweza kuifungua bahasha, kuisakinisha upya kompyuta jioni ile, na kesho kusema waifai imerudi yenyewe. Resian angepona. Hakuna ambaye angeuliza rangi ya flashi. Alitazama mstari wa Ijumaa kwenye daftari, ulivyokaa safi, bila kasoro. Halafu akawaza: wasipojua sababu, watasema Resian aliogopa akairudisha kadi. Kufuli za matranka hazitafunguliwa. Akairudisha bahasha mahali pake, akafunga droo na mlango.

Jumatano saa tatu na dakika hamsini, Resian alikuwa amesimama nje ya ofisi ya nidhamu na begi lake. Rogathe alimpita bila kumtazama, akabisha hodi. Ndani walikuwa Mwalimu Ernesta, barua mkononi, na Mwalimu Clemence, aliyekuwa amefika kutoka Moshi dakika chache zilizopita.

"Shikamooni, walimu."

"Marahaba. Subiri zamu yako," Mwalimu Ernesta alisema.

"Mwalimu, barua ile haistahili kutoka. Kadi ya waifai ipo ndani ya kompyuta. Nimeiona jana." Aliweka bahasha mezani. "Na kosa ni langu."

Mwalimu Clemence aliichukua bahasha, akaigeuza, akaona haijafunguliwa. Hakuwa na haja ya maelezo marefu. "Ulimpa nyekundu."

"Ndiyo, mwalimu. Uliniambia nyeupe. Niliona nyekundu ndiyo iliyothibitika."

"Kwenye orodha yako uliandika hilo?" Mwalimu Ernesta aliuliza.

"Hapana, mwalimu. Sikuliona kuwa ni jambo."

Mwalimu Ernesta alimwita Resian. Wote wanne wakaenda chumba cha kompyuta. Mwalimu Clemence alimkabidhi Resian ile bahasha, si Rogathe. "Usisakinishe kwanza. Iwashe kutoka kwenye flashi, tuone."

Resian alichana bahasha, akachomeka flashi nyeupe, akawasha. Kwa dakika moja na zaidi kioo kilikuwa cheusi chenye maandishi yanayopita. Kisha picha ikatokea, na pembeni mwa kioo ikakaa alama ya waifai. Resian aliweka kidole kwenye kibao cha kugusa, mshale ukasogea. Akapandisha sauti, ikasikika.

"Mlikuwa mnasema nimeiuza kwa nani?" aliuliza, bila kugeuka.

"Na ukitaka kujua," Mwalimu Clemence alimwambia Ernesta, "kompyuta haikuwa mbovu hata siku moja. Kiini cha zamani kilikuwa hakijawahi kusikia habari za vifaa hivi." Akamgeukia Rogathe. "Mahindi ya kwenu Mbaga hukaa shambani miezi mingapi?"

"Sita, mwalimu."

"Ukiyapanda Ndungu, kule tambarare, nje ya mfereji wa umwagiliaji, ukategemea mvua ya vuli?"

"Yanakauka kabla ya kuzaa."

"Mbegu ni mbovu?"

"Hapana. Imepandwa shamba lisilo lake."

"Basi Mama naye si mbovu. Kwa zile kumi na mbili ataendelea kutufaa. Ila kilichothibitika kwa kompyuta ya zamani hakijathibitika kwa mpya. Kila ukipewa kompyuta, uliza kwanza imetengenezwa lini, na kiini chako ni toleo gani." Akamgeukia Resian. "Na mimi nina fungu langu. Agizo kama lile nilipaswa kuliandika daftarini, si kulitupa mlangoni mwa basi."

Mwalimu Ernesta alikuwa bado ameshika barua. "Jumatatu mimi niliuliza swali la nani," alisema. "Nilipaswa kuanza na swali la nini: nini kimeharibika, na je, kimeharibika kweli? Ningemsubiri mwenye ujuzi siku mbili, msichana huyu asingelala na begi lililofungwa." Akamtazama Rogathe. "Orodha yako ilikuwa na mambo matano, yote ya kweli. Lakini mambo ya kweli hayawi ukweli ukiacha yale yanayokuhusu wewe. Shahidi mwaminifu huanza kujihesabu mwenyewe. Ungenyamaza leo, kosa la kuchagua flashi lingegeuka kosa la kumwangamiza mwenzako. Umesema, na umesema kabla ya kuulizwa, hilo nimelipokea. Ufunguo utauacha kwa wiki mbili. Na mstarini utayasema haya kwa mdomo wako."

"Ndiyo, mwalimu."

Akaichana barua mara mbili, vipande akaviweka mfukoni.

Mstari wa mchana ulipigiwa kengele saa saba. Rogathe alisimama mbele ya shule nzima, akasema kwamba Resian hakufungua kompyuta, hakutoa kitu, hakuuza kitu. Kwamba waifai iligoma kwa sababu yeye Rogathe alitoa flashi nyekundu akiwa ameagizwa nyeupe. Alisema "nisamehe, Resian" bila kupunguza wala kuongeza. Upande wa kidato cha kwanza Kaleb alitazama viatu vyake. Wasichana wawili wa kwenye kamba ya nguo nao walitazama vya kwao.

Baadaye, katika chumba cha kompyuta, Resian aliisakinisha namba kumi na tatu kwa flashi nyeupe mpaka mwisho. Rogathe alikaa pembeni, akingoja. Ilipokamilika alifungua daftari la chumba, akautafuta mstari wa Ijumaa. Hakuufuta. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, aliandika: "Flashi iliyotoka ni nyekundu. Iliyoagizwa ni nyeupe. Aliyetoa ni Rogathe."

Akalisukuma daftari upande wa pili wa meza.

"Soma kama kuna kilichobaki," alisema.

Resian aliisukuma miwani yake juu, akasoma mara mbili. "Ongeza saa," alisema.

Rogathe akaongeza: saa nane na dakika arobaini. Resian akachukua kalamu na kuweka sahihi yake mwishoni mwa mstari.